Fundi Anayejua Kuzima Mng'ao

Mteja wa Nkome akiingia steshenari kuchapisha picha, ombi lake la kwanza karibu kila mara ni lile lile: ing'ae. Awe mvuvi aliyetoka kupakua dagaa mwaloni alfajiri, awe mama anayetaka picha ya mtoto wake siku ya komunyo, awe kijana aliyeshuka kutoka machimboni na fedha mkononi, wote wanataka picha inayong'aa. Siwalaumu. Katika mkoa wetu wa Geita kung'aa kuna heshima yake. Dhahabu inasifiwa kwa kung'aa, sangara mbichi anachaguliwa kwa jicho linalong'aa, na nyumba iliyoezekwa bati jipya inaonekana tangu ukiwa bado ndani ya boti. Karatasi ya glosi imeingia katika orodha hiyo bila mtu kuipinga.

Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi ambaye akishasikia neno hilo haigusi karatasi kwanza. Anamwamkia mama shikamoo, anapokea simu yenye picha, anaitazama, kisha anauliza: "Itakaa wapi, mama?" Mama akijibu, "Sebuleni mwanangu, pale mkabala na dirisha," fundi ameshajua kwamba glosi itamwonyesha mama dirisha lake kutwa nzima, na mtoto wake mara mojamoja tu. Swali hilo fupi ndilo linalomtenga mwenye ufundi na mwenye printa tu. Mng'ao ni sehemu ya picha sawasawa na rangi zake, na mtu anayeutawala anastahili kuitwa fundi kwa uzito ule ule tunaompa seremala na mhunzi.

Anayeishi Nkome hahitaji maabara ili aelewe jambo lenyewe. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, Ziwa Victoria linatulia hadi mitumbwi inaonekana kichwa chini ndani ya maji. Jua likipanda na upepo ukivuma, maji yale yale yanageuka kijivu, taswira zinapotea, na lile jua lililokuwa duara moja majini linasambaa na kuwa bapa pana la mwanga. Maji ni yale yale, kilichobadilika ni uso wake. Karatasi nayo ina mawimbi, ila ni madogo mno kwa macho yetu. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi wa takribani nanomita 400 hadi 700, yaani haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Vilima na mabonde ya uso vikiwa vidogo sana kuliko hapo, mwanga unarudi kwa utaratibu, kwa pembe ile ile uliyoingia nayo, na sisi tunaona mng'ao. Vikifika kipimo hicho au kukipita, mwanga unatawanyika kila upande, na mng'ao unazimika.

Kwa hiyo wenye viwanda vya karatasi kazi yao ni kupanga ukubwa wa vilima. Juu ya karatasi ya picha wanapaka tabaka lenye vitundu vidogo mno, na mara nyingi tabaka hilo ni la silika. Chembe za silika zikiwa za makumi ya nanomita tu, uso unatoka laini na karatasi inang'aa. Zikiwa za mikromita kadhaa, uso unakuwa na vilima visivyoonekana, na karatasi inakuwa mati, yaani isiyong'aa. Dutu ni ile ile, tofauti ni saizi. Na silika si ngeni huku: ndiyo iliyojaa katika mchanga wa ufukweni, na ndiyo iliyojenga mawe meupe ya kwatzi ambayo wachimbaji wa Geita wanayafuata chini ya ardhi kwa sababu dhahabu imejibanza katika mishipa yake. Wengi wanaoyaponda mawe hayo wakaitupa silika na kubaki na dhahabu hawajui kwamba picha zao za harusi zimelala juu ya silika.

Wino nao una tabia zake. Printa zilizoenea katika maduka yetu ni zile za matangi, na wanaochapisha picha wanazipenda hasa za rangi sita: nyeusi, njano, samawati na majenta, pamoja na samawati hafifu na majenta hafifu. Katika baadhi ya printa za Epson za aina hiyo tone dogo kabisa lina ujazo wa pikolita 1.5, kiasi kwamba lita moja ya wino ingetoa matone zaidi ya bilioni 600. Rangi ya wino wa aina hiyo imeyeyuka kabisa kama sukari ndani ya chai. Tone likidondoka linazama kwenye vitundu vya karatasi na kuuacha uso kama ulivyokuwa. Ndiyo maana katika duka la kawaida mng'ao unaamuliwa kwanza na karatasi.

Kwanza, nimesema, maana hauishii hapo. Printa inauliza ni karatasi ya aina gani iliyowekwa, na jibu la fundi ndilo linaloamua wino kiasi gani umwagwe. Akidanganya, au akiacha chaguo lililokuwepo tangu asubuhi alipokuwa anachapa barua, wino unazidi uwezo wa vitundu. Unabaki juu, unakauka kwa mabaka, na sehemu nyeusi za picha zinapata ngozi ya shabashaba ukiinamisha karatasi. Halafu kuna vile vijigurudumu vyenye meno vinavyoisukuma karatasi nje. Juu ya mati havionekani. Juu ya glosi iliyolowa vinaacha mstari wa nukta, na mstari huo hautoki tena. Fundi makini anapunguza kasi, anachagua ubora wa juu, na anaipokea karatasi kwa mikono miwili isiburuzike.

Wino wa chembe ni habari nyingine. Rangi yake haijayeyuka. Ni vumbi laini mno, chembe za takribani nanomita 100, zinazoelea ndani ya maji na kubaki juu ya karatasi maji yakishaondoka. Unavumilia jua na miaka kuliko ule wa kuyeyuka, jambo kubwa kwetu tunaotundika picha ukutani bila pazia. Lakini unaleta tatizo la mng'ao usiolingana: penye wino mwingi panang'aa kivyake, penye weupe mtupu panang'aa kivyake, na anayeitazama picha kwa pembeni anaona ramani ya wino badala ya uso wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Epson walijibu kwa wino usio na rangi kabisa, unaopigwa pale ambapo wino wa rangi haukuanguka, ili uso wote uwe na kimo kimoja. Nauona huo kuwa uvumbuzi wa unyenyekevu mkubwa: wino ambao kazi yake yote ni kusawazisha, na ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ulikuwepo.

Sasa nije kwenye linalonigusa zaidi, nyuso zetu. Glosi ina fadhila moja ambayo mati haiipati, nayo ni weusi wa kina. Uso laini unarusha mwanga wa juu upande mmoja, na ukisimama nje ya upande huo unaona weusi mtupu. Karatasi nzuri ya glosi pale penye weusi kabisa inaweza kurudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga. Mati inautawanya mwanga kila upande, kwa hiyo kuna utando mwembamba wa kijivu popote utakaposimama, na weusi wake unarudisha asilimia 2 au zaidi. Tofauti inaonekana ndogo kwenye maandishi. Kwenye uso wa mtu mweusi ni kubwa, kwa sababu shavu, tundu la pua, ukingo wa nywele na kivuli cha shingo vyote vinaishi katika sehemu hiyo nyembamba ya giza. Mati ikipokea picha hiyo bila matayarisho inavibana vyote pamoja, na bibi mwenye uso wa heshima anatoka kama kivuli kilichovaa kilemba.

Dawa ipo, nayo ni ya mkono na jicho. Kabla ya kuchapa mati fundi anainua vivuli katika programu, anaziachanisha toni za giza ili kila moja ipate nafasi yake, kisha anachapa kipande kidogo cha kujaribia, shavu na jicho tu, na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ufundi huu inabidi tuulee wenyewe. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilipimia rangi zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, na aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamke mzungu. Mashine zilifundishwa kumpendeza yeye. Fundi wa Nkome anayekaa na picha ya bibi yake mtu hadi mikunjo ya uso irudi anaziba pengo ambalo wenye viwanda waliliacha wazi.

Na kuna kazi moja ambapo mati ni wajibu kabisa, nayo ni picha ya msiba. Huku picha kubwa ya marehemu inawekwa kando ya jeneza chini ya turubai, mchana, mwanga ukiingia kutoka pande zote. Waombolezaji wamekaa pembeni, wamekaa nyuma, wengine wanapita kwa foleni kutoa heshima za mwisho. Glosi katika mazingira hayo ni kioo. Aliyekaa kushoto anaona anga, aliyekaa kulia anaona shati jeupe la jirani yake, na anayepita mbele anauona uso wake mwenyewe juu ya uso wa marehemu. Fremu ya kioo inazidisha hayo yote. Fundi anayeelewa anachapa mati, anaibandika juu ya ubao mgumu bila kioo, na familia nzima inamwona mtu wao kutoka viti vyote. Hailazimu aeleze kanuni za mwanga kwa watu wenye majonzi. Anasema tu kwa upole, "Poleni sana mama. Hii nitawafanyia isiyong'aa, ili wote mumwone." Ukarimu wa namna hiyo hauandikwi kwenye risiti.

Ufukweni glosi ina maadui wawili, unyevu na vumbi. Wakati wa masika hewa ya ziwa ina maji kiasi kwamba karatasi ya picha iliyoachwa nje ya mfuko wake inajikunja pembe kabla haijaingia kwenye printa. Picha inatoka ikionekana kavu, mteja anataka kuipeleka kwenye fremu saa hiyo hiyo, lakini ndani ya tabaka bado kuna maji na vimiminika vingine vya wino visivyo na haraka ya kuondoka. Ikifungiwa chini ya kioo, vitatoka polepole na kukitia kioo ukungu upande wa ndani. Mbaya zaidi, glosi iliyogusana na kioo penye unyevu inanata, na ukija kuitenganisha uso unabaki kwenye kioo na kwenye karatasi yanabaki mabaka. Vumbi nalo, lile jekundu la barabara zetu, linapenda glosi mbichi kupita kitu chochote. Ndiyo maana fundi mzuri ana kabati au boksi safi la kukaushia, analaza picha mojamoja bila kuzipandanisha, na anamwambia mteja arudi kesho. Anapoteza wateja wasio na subira, na bado anasema kesho.

Lamineti inalinda dhidi ya maji na mikono, na inazuia hewa na moshi wa jikoni visiifubaze picha ya wino wa kuyeyuka. Lakini inaweka mng'ao wake wenyewe juu ya kila kitu. Bei za samaki zilizolaminetiwa kwa glosi na kutundikwa nje ya banda hazisomeki adhuhuri. Filamu za mati zipo, tuzitumie.

Haya yote hayakuanza na printa. Katika enzi za studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, au ya N. V. Parekh pale Mombasa, mng'ao wa picha ya karatasi ulipatikana kwa nguvu. Katika vyumba vya giza vya enzi hiyo mafundi waliichukua picha ikiwa bado imelowa, wakaibana uso chini juu ya bamba la kromu lililosuguliwa, wakalipasha moto, na picha ilipokauka ikabanduka yenyewe ikiwa imechukua ulaini wa bamba. Bamba likiwa na mkwaruzo, kila picha ilikuwa na mkwaruzo. Aliyetaka mati aliiacha ikauke hewani. Uamuzi huu wa fundi ni wa kale. Mikono tu ndiyo imebadilika.

Na mbele tunakokwenda uamuzi huo unazidi kuwa wa kina. Katika mashine kubwa za mabango zinazotumia wino unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, wino haukauki kwa maji kuondoka. Unakuwa mgumu pale taa inapoupiga. Hapo fundi anaumiliki mng'ao kwa kupanga muda. Taa ikiwaka papo hapo tone linapotua, kila tone linagandia na nundu yake, uso unakuwa na vilima, na kazi inatoka mati. Taa ikicheleweshwa kidogo, matone yanapata nafasi ya kutanuka, kuungana na kujisawazisha, na kazi inatoka glosi. Mwaka 2020 Canon walitoa mashine ya Colorado 1650 inayomruhusu fundi kuchagua kati ya hizo mbili kwa wino ule ule na karatasi ile ile. Ni jambo la kustaajabisha kwamba tofauti yote ni subira fupi kati ya tone na taa. Ubaya wake ni kwamba subira hiyo inatakiwa iwe sawa bango zima. Mashine ikichapa kwenda na kurudi huku taa inawahi upande mmoja na kuchelewa upande mwingine, bango linatoka na mistari ya mng'ao, mstari hai na mstari mfu, japo rangi ni sahihi kabisa. Mteja anasema kuna kitu hakiko sawa na hawezi kukitaja. Fundi anakijua.

Nimebakiza dhahabu, kwa sababu hakuna anayechapa picha katika mkoa huu asiyeombwa kuichapa. Kila mwaka Geita kuna maonesho ya teknolojia ya madini, na mabango yake, kama kalenda na kadi za biashara za wauza dhahabu, yanataka dhahabu inayofanana na dhahabu. Haiwezekani kwa wino wa kawaida, na sababu yake ni nzuri. Metali hii inaimeza buluu na kuirudisha njano na nyekundu, kwa hiyo hata pale inapong'aa sana, doa lenyewe la mng'ao ni la njano. Karatasi ya glosi iking'aa, doa lake ni jeupe, liwe juu ya rangi yoyote. Mteja anaona njano ya haradali yenye utando mweupe, na moyo wake unakataa.

Fundi mwerevu anaizunguka shida hii kwa kuzima vitu vingine. Anachapa mandhari yote ya bango kwa mati, giza la kahawia au jeusi lililotulia, na kile kipande cha dhahabu peke yake anakiacha king'ae, kwa wino usio na rangi kama mashine yake inao, au kwa kukichapa kwenye glosi, kukikata kwa wembe na kukibandika juu ya kadi ya mati. Madoa ya mng'ao ndani ya picha yenyewe anayapaka njano hafifu, hayaachi meupe. Kipande hicho kinawaka kwa sababu hakuna jirani anayeshindana nacho. Nimeiona kadi iliyotengenezwa hivyo, na watu waliigusa kwa kidole kabla hawajaisoma.

Kuna vipimo vya mng'ao vinavyokubalika duniani, vinavyopima mwanga unaorudi kwa pembe za nyuzi 20, 60 na 85, na kiwanda kikubwa kinavihitaji. Duka la Nkome lina mlango na ziwa mbele yake. Fundi anaiinua picha, anaiinamisha taratibu, na mwanga wa maji unapita juu ya uso wa karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Kama kuna baka, ataliona. Kama weusi una shaba, ataiona.

Msomaji wangu, ukienda kuchapisha picha, iwe Nkome, Katoro au Kahama, mwambie fundi itakaa wapi kabla hujamwambia ukubwa unaoutaka. Mwache aigeuzegeuze mlangoni bila kumharakisha. Na akikuomba uirudie kesho, mpe hiyo siku, na umlipe bei yake bila kupunguza.